Kipenda Roho: Je, Mtu Aweza Kukosea Katika Ayapendayo?

Wahenga walisema: Kipenda roho hula nyama mbichi. Mara nyingi methali hiyo hutumiwa kumnyamazisha mwenye kuuliza. Mtu apenda wimbo, nguo au hadithi ambayo wenzake hawaipendi. Wakimwuliza sababu, ajibu: «Roho yangu imependa», na mazungumzo yamekwisha. Lakini yafaa methali hiyo isikilizwe vizuri. Haisemi kwamba nyama imeiva. Yasema tu kwamba aipendaye huila. Utamu umo kinywani mwa mlaji, ubichi umo katika nyama yenyewe. Mambo hayo mawili watu huyachanganya kila siku, na katika kuyachanganya huzaliwa ugomvi, dharau na uongo.

Jambo hilo laonekana wazi watu wanapotazama sinema. Kuna sinema za aina mbili zinazobishaniwa kuliko nyingine. Za kwanza ni zile zinazotengenezwa na watu wanaojitegemea, wenye fedha kidogo, nje ya makampuni makubwa. Za pili ni zile zinazochukua kitabu cha zamani kinachoheshimiwa na kukisimulia upya kwa watu wa leo. Baada ya kutazama, mmoja asema: «Inachosha, haina kitu.» Wa pili amjibu: «Wewe hukuelewa.» Wa tatu, aliyesoma kitabu, alalamika: «Wamekiharibu.» Je, maneno hayo yana haki na kosa ndani yake, au kila mtu anena habari za ulimi wake tu?

1. Mtazamaji aliyechoka

Katika mji wa Calcutta, nchini India, alikuwako mchoraji wa matangazo ya biashara, jina lake Satyajit Ray. Alipewa kazi ya kuchora picha za toleo fupi la riwaya iitwayo Pather Panchali, iliyoandikwa na Bibhutibhushan Bandyopadhyay na kutolewa kama kitabu mwaka 1929. Riwaya hiyo yaeleza habari za jamaa maskini katika kijiji cha Bengal: baba, mama, binti Durga, mdogo wake Apu, na bibi kizee asiye na kwake. Hadithi ile haikumtoka Ray moyoni. Mwaka 1952 alianza kuifanya sinema, ingawa hakuna mwenye mali aliyetaka kumpa fedha. Aliuza bima yake ya maisha, na vito vya mkewe vikawekwa rehani. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana ambaye hajapata kuendesha kamera ya sinema. Walianza kazi katika uwanja wa majani marefu yenye maua meupe. Waliporudi baada ya siku chache, ng'ombe walikuwa wameyala maua yote, ikawapasa kungoja msimu mwingine. Fedha ziliisha, kazi ikasimama. Mwishowe serikali ya West Bengal ilitoa msaada, na mwaka 1955 sinema ikaonyeshwa. Mwaka 1956 ilipata tuzo huko Cannes, nchini Ufaransa.

Mtu aliyezoea sinema za mapigano na mbio hakuti hayo ndani yake. Hukuta mvua ikianguka juu ya kidimbwi, bibi kizee akila wali, watoto wawili wakikimbilia gari la moshi linalopita mbali. Mtu huyo akisema: «Nimechoka», amesema kweli, wala hakuna awezaye kumshtaki, kwani hizo ni habari zake mwenyewe. Lakini akisema: «Sinema hii haina kitu», hapo ameacha kueleza habari zake, ameanza kuishuhudia kazi ya mwingine. Na shahidi akisimama mbele ya baraza huulizwa: Uliona nini?

Je, aliuona mkufu? Jirani mmoja alimshtaki Durga kwamba ameiba mkufu wa shanga. Durga alikana, na mama yake akampiga. Siku zikapita, Durga alinyeshewa na mvua kubwa, akapata homa, akafa. Mwisho wa hadithi, wazazi wanapofunga mizigo ili wahame, Apu aukuta mkufu ule umefichwa ndani ya chombo cha zamani. Kumbe dada yake aliuiba kweli. Mtoto hasemi neno. Akimbilia kidimbwini, autupa majini. Majani yaliyoufunika uso wa maji yafunguka kidogo, kisha yajifunga tena. Ndugu aliyempenda marehemu ameizika aibu yake. Jambo hilo halielezwi kwa neno hata moja, na aliyesinzia hakulipata. Yule aliyelipata aweza bado kusema kwamba hakupendezwa, na atakuwa mkweli. Hawezi tena kusema kwamba hakukuwa na kitu.

Basi kosa la kwanza ni hili: kuyafanya machovu ya nafsi kuwa hukumu juu ya kazi ambayo mtu hakuitazama.

2. Msifu wa asichokipenda

Kuna kosa la pili, nalo hujificha zaidi, kwa sababu huvaa mavazi ya elimu. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani wako watu wanaopenda sinema za wanaojitegemea kwa moyo mnyofu. Lakini kati yao huingia mwingine ambaye apenda jambo moja tu, kwamba sinema hiyo imeonwa na wachache. Mradi wengi hawaijui, yeye aisifu. Ikianza kujulikana, aiacha na kutafuta nyingine. Usiku, peke yake, alilia machozi alipotazama hadithi ya mapenzi inayopendwa na kila mtu. Asubuhi, mbele ya rafiki zake, aicheka hadithi hiyo hiyo.

Mtu huyo hakukosa kwa kupenda hadithi nyepesi. Hakuna sheria inayomkataza mchovu kupumzika kwa hadithi nyepesi, kama vile hakuna sheria inayomlazimisha mgonjwa kupenda ugali mgumu. Alikosa kwa kuikana. Ameufanya upendo kuwa kama kofia ya sikukuu, ambayo huvaliwa ili wengine waione. Tena amewadhulumu watu wawili: amemdhulumu yule aliyetengeneza hadithi iliyomliza, kwa kumnyima shukrani, na amemdhulumu jirani asiye na elimu, kwa kumtia haya kwa ajili ya furaha isiyo na dhambi.

Yafaa kukumbuka pia kwamba umaskini wa fedha haufanyi sinema kuwa njema. Ray hakufanya kazi nzuri kwa sababu mkewe aliweka vito rehani. Wengi wameweka rehani mali zao na kazi zao zikawa dhaifu. Vilevile sinema ya kampuni kubwa haiwi mbaya kwa sababu imejaza majumba. Wingi wa watu hauthibitishi wema wa kitu, na uchache wao hauthibitishi. Mwenye kutaka kujua hana budi kurudi kwenye kitu chenyewe na kukitazama.

3. Hadithi ya kale katika mwili mpya

Sasa yabaki lalamiko la yule wa tatu, aliyesoma kitabu. Lalamiko lake lajulikana katika kila kijiji ambamo watu huketi jioni kusimuliana hadithi. Mzee asimulia jinsi Kalulu, yaani sungura, alivyomdanganya fisi. Mara mtoto adakia: «Sivyo! Bibi alisema ni mamba.» Watu wacheka. Mtoto yule ana haki ya kuipenda hadithi ya bibi yake kuliko ya mzee. Lakini je, mzee amevunja hadithi kwa kubadili mnyama? Hadithi haijavunjika, maadamu akili ya mdogo yaishinda nguvu ya mkubwa. Itavunjika siku Kalulu atakaposhinda kwa sababu ana misuli.

Mfano mzuri watoka mbali. Mwaka 1956, katika mji wa Zürich nchini Uswisi, ulichezwa mara ya kwanza mchezo wa kuigiza wa Friedrich Dürrenmatt, habari za ziara ya bibi mmoja tajiri. Bibi huyo arudi katika mji alikozaliwa, na mji huo umefilisika. Alipokuwa msichana alipata mimba. Mwanamume aliyempa mimba alimkana, akawahonga mashahidi wawili waseme uongo, na msichana akafukuzwa kwa aibu. Sasa awaahidi wenyeji mali isiyohesabika kwa sharti moja tu: mwanamume yule auawe. Wenyeji wakataa kwa hasira na kusema kwamba wao ni watu wa haki. Lakini tangu siku ile waanza kununua vitu vizuri kwa mkopo. Yule mwanamume, ambaye ni mwenye duka, awatazama wateja wake na kuona kwamba wote wamevaa viatu vipya vya rangi ya manjano. Aogopa, naye ana sababu ya kuogopa: watalipa deni hilo kwa nini?

Mwaka 1964 mchezo huo ulifanywa sinema kubwa, pamoja na wachezaji mashuhuri Ingrid Bergman na Anthony Quinn. Watu wa sinema ile ni wa Ulaya kama wale wa mchezo wenyewe. Lakini mwisho ulibadilishwa: saa ya mwisho bibi azuia mauaji, na mwanamume aachwa hai. Mwaka 1992 Djibril Diop Mambéty wa Senegal alitoa sinema yake iitwayo Hyènes, maana yake Mafisi. Yeye alibadili karibu kila kitu. Mji wa Ulaya ukawa Colobane, jina la mahali alikozaliwa mwenyewe. Bibi akawa Linguère Ramatou, mwenye duka akawa Dramaan Drameh, na watu wasema Kiwolofu. Penye baridi ya Uswisi pana vumbi na jua kali. Lakini mwanamume afa. Wenyeji wamzunguka, kisha watawanyika, na pale aliposimama pabaki nguo yake tu juu ya mchanga.

Ni ipi kati ya sinema hizo mbili iliyo aminifu? Anayehesabu mavazi na majina atasema ya kwanza. Anayetafuta moyo wa hadithi ataona kwamba ya pili imeushika kwa mikono miwili. Kwani moyo wa hadithi ni swali hili: watu wema waweza kufika wapi, hatua kwa hatua, wakiongozwa na wanavyovipenda? Mtu asipokufa, swali lapoa, na watazamaji warudi nyumbani wamefarijika. Hata hivyo yawezekana mtu akaipenda ile ya 1964 zaidi, kwa sababu yampendeza kuona huruma ikishinda, au kwa sababu ampenda Ingrid Bergman. Apende kwa amani. Asiseme tu kwamba ndiyo iliyoitunza hadithi.

Basi kosa la tatu ni kudhani kwamba uaminifu ni kunakili. Mtoto humfanana baba yake bila kuvaa nguo zake.

4. Mtengenezaji asiyependeza

Kosa la nne ni kuihukumu kazi kwa jina la aliyeifanya. Nchini Italia alikuwako mshairi na mtengenezaji wa sinema aitwaye Pier Paolo Pasolini. Hakuwa mtu wa kusadiki. Alifuata mafundisho ya Marx, na mwaka 1963 mahakama ilimtia hatiani kwa sababu ya sinema fupi iliyosemwa kwamba imeitukana dini. Wengi hawakumpenda, na walikuwa na sababu zao. Lakini mwezi wa Oktoba 1962 alikuwa amekaa katika mji wa Assisi siku ile Papa Yohane 23 alipoutembelea. Hapo chumbani aliichukua Injili ya Mathayo akaisoma toka mwanzo hata mwisho, kisha akanuia kuifanya sinema.

Sinema hiyo ilitoka mwaka 1964. Pasolini alikwenda kwanza kutazama nchi ya Palestina, akarudi, akachagua vijiji maskini vya kusini mwa Italia. Mji wa Matera ukawa Yerusalemu. Wachezaji hawakuwa watu wa kazi hiyo. Aliyemwigiza Yesu alikuwa mwanafunzi kutoka Hispania, Enrique Irazoqui. Aliyemwigiza Maria katika uzee alikuwa Susanna, mama wa Pasolini mwenyewe. Hakutunga maneno ya kumtia Yesu kinywani. Aliyatwaa ya Mathayo. Nayo sinema aliitoa kwa ukumbusho wa Papa Yohane 23, aliyekuwa amefariki mwaka 1963.

Katika sinema hiyo zasikika sauti zilizotoka Kongo. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, wavulana na walimu wa shule, wakiongozwa na Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, waliimba Missa Luba mara ya kwanza. Maneno yalikuwa ya Kilatini cha kale. Ngoma na mwendo wa sauti vilikuwa vya nchi. Missa hiyo nayo ni jambo la kale lililopewa mwili mpya. Pasolini aliitwaa Gloria yake na kuiweka karibu na muziki wa Bach, wala hakuona kwamba mmoja wapasa kukaa chini ya mwingine. Miaka 4 baadaye, mwaka 1968, mwongozaji wa Uingereza Lindsay Anderson aliitumia Sanctus ya Missa hiyo hiyo katika sinema If...., habari za wanafunzi wanaoasi na kuwapiga risasi wakubwa wa shule yao. Sauti zile zile za watoto wa Kamina zimesimama katika kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Aipendaye moja si lazima aipende nyingine.

Waliosema: «Kutoka kwa mtu kama Pasolini hakuwezi kutoka kitu chema», walikuwa wamekwisha kuhukumu kabla taa hazijazimwa. Lakini katika maonyesho ya Venezia ya mwaka 1964 ofisi ya kimataifa ya Wakatoliki ya sinema iliipa kazi hiyo tuzo, na mwaka 1995 Vatikano iliiweka katika orodha ya sinema 45 zilizostahili kukumbukwa. Waliotoa tuzo hawakusema kwamba wayapenda maisha ya Pasolini wala mafundisho yake yote. Walitazama kazi, wakashuhudia walichokiona. Na mtu aliyeitazama yote kwa uangalifu, akasema kwamba uso wa Yesu huyo ni mkali mno kwake, hakumkosea mtu. Ameeleza yaliyo yake, baada ya kutimiza wajibu wake wa kutazama.

5. Kwa nini jambo hili ni zito

Mtu aweza kusema: «Hizi ni habari za sinema. Akikosea katika sinema, nani ataumia?» Ajibiwe kwa kuonyeshwa tena wenyeji wa Colobane. Hawakuanza kwa kupenda mauaji. Walianza kwa kupenda viatu. Kisha wakapenda vyombo vizuri vya nyumbani, vilivyoletwa kwa mkopo. Na kwa kuwa deni lilidai malipo, wakaanza kukumbuka ubaya wa Dramaan, ambao kwa miaka mingi haukuwasumbua. Ubaya ule ulikuwa wa kweli; Ramatou alidhulumiwa kweli. Lakini si ubaya ule uliowakusanya. Waliyapenda mali, wakauita upendo huo haki, wakamwua mtu kwa jina la haki.

Ndivyo ilivyo katika baraza la mashauri, mwamuzi asiyependezwa na uso wa mshtakiwa asikiapo maneno ya uongo akayaona matamu. Ndivyo ilivyo mwalimu amwonapo mtoto mchafu wa nguo na kudhani kwamba ni mchafu wa akili. Ndivyo ilivyo mwanamke wa kijiji kingine aletwapo kuolewa, wenyeji wakasema kwamba hajui kupika, kumbe hapiki kama mama zao. Wote hao wala nyama mbichi na kusema imeiva, au wakataa nyama iliyoiva na kuiita mbichi.

Anayejizoeza mbele ya sinema, au mbele ya hadithi ya jioni, ajizoeza kwa jambo dogo ili aliweze kubwa. Atazame mpaka mwisho kabla ya kunena. Asione haya kwa kilichomfurahisha, wala asijivunie kilichomchosha. Akisema «sikupenda», maneno yake yaishie hapo mpaka awe na sababu ya kuendelea. Akisema «ni mbaya», aonyeshe ubaya ulipo, ili mwenzake apate kutazama naye na pengine kumsahihisha. Na akikuta kwamba kitu ni chema lakini moyo wake haukikubali, asijilazimishe; mwaka mwingine, akiwa amekua au ameonja huzuni, pengine atakirudia na kukuta kimemngojea.

Kipenda roho hula nyama mbichi. Na ale, maana kinywa ni chake. Ila akiwakaribisha wageni mezani, awaambie kweli kwamba haikupita motoni.